BARAZA YA MWALIMU: Asiyekuwemo na Lake Halimo



Toleo lililopita tulizungumzia barua, na adabu ya kumwandikia mtu mzima aliye mbali. Mwezi huu twataka kuzungumzia barua ya namna nyingine, ambayo siku hizi ndiyo tunayoipeleka zaidi nyumbani na kuipokea kutoka huko, nayo ni picha ya video.

Sababu ya kulileta jambo hili ni kwamba katika mkusanyiko wetu wa Sikukuu vijana walituonyesha ukutani video waliyoipiga wenyewe. Ilikuwa kazi ya mapenzi na twawashukuru. Lakini sisi tulioketi nyuma tulihesabu wazee watatu waliokatwa vichwa, mtoto aliyesoma Qur'ani huku ikionekana kofia yake tu, na sinia la biriani lililoangaliwa kwa muda mrefu kuliko msemaji yeyote. Ilipokwisha, kijana mmoja alitujia.

"Shikamoo Mwalimu. Umeionaje?"

"Marahaba, mwanangu. Biriani tumeiona vizuri. Watu ndio hatukuwaona."

Alicheka, kisha akasema, "Basi tufundishe." Sisi si mafundi wa kamera, maisha yetu tuliyamaliza mbele ya ubao, tukifundisha Kiswahili na fasihi. Lakini kijana akiomba elimu, mwalimu hana njia ya kukataa. Na tuna sababu yetu wenyewe ya kulijali jambo hili, ambayo tutaieleza kwanza.

KANDA YA MWAKA 1997

Mwaka 1997, tulipokuwa bado wageni katika nchi hii, jamaa mmoja alitoka Unguja akatuletea kanda ya video. Ndugu zetu walikuwa wamemkodi mpiga picha siku ya Sikukuu ili tupate kumwona mama yetu, kwani ilikuwa miaka mingi hatujaonana. Tuliazima mashine ya kuchezea kanda kwa jirani, tukawakusanya watoto, tukazima taa.

Bwana yule alisimama ng'ambo ya njia. Alitaka ionekane nyumba iliyopakwa chokaa mpya, na gari la mjomba lililoegeshwa mbele yake, na watu wote waliofika. Vyote vilionekana. Mama yetu alikuwa ameketi kibarazani, mdogo kama punje ya mtama. Tulijua ni yeye kwa namna alivyouinua mkono. Alizungumza, akatuombea dua, lakini kipaza sauti kilikuwa kule ng'ambo ya njia pamoja na kamera, na tulichokisikia ni pikipiki na watoto. Mpiga picha alipokuja karibu, alikuja mbio, akipeleka kamera huku na huku. Uso wa mama ukapita. Alikuwa anacheka. Tumehesabu mara nyingi: ni sekunde nne. Kisha kamera ikaenda kwenye sinia.

Mama yetu alifariki mwaka 1999, Mungu amrehemu. Hatukuwahi kurudi kumwona. Kanda ile ndiyo tuliyo nayo, na ndani yake mna dakika arubaini za nyumba na gari, na sekunde nne za mama. Hatumlaumu mpiga picha, kwani alifanya alichodhani ndicho kizuri, wala hakuna aliyewahi kumfundisha. Ndiyo maana twaandika.

FREMU NI NINI

Kila picha ina kingo nne. Kilicho ndani ya kingo hizo chaonekana, na kilicho nje ni kama hakikuwako. Kingo hizo huitwa fremu, kama fremu ya mlango au ya dirisha. Wazee wetu walisema asiyekuwapo na lake halipo, na mpiga picha huitekeleza methali hiyo kila anapoinua kamera: huamua nani awemo na nani asiwemo. Kipande kimoja cha picha, tangu kamera inapoanza kunasa mpaka inapokatwa, vijana wa filamu hukiita shoti. Shoti moja ni kama sentensi moja, na shoti kadhaa zikifuatana kwa mpango huwa habari.

Shoti ziko za namna nyingi, lakini anayezijua tatu anaweza kuanza kazi.

Ya kwanza ni shoti ya mbali. Huonyesha mahali pote: nyumba, uwanja, watu tangu nyayo mpaka utosi. Kazi yake ni kumjibu mtazamaji anayeuliza, "Tuko wapi, na kina nani wapo?" Mkienda kwenye bwawa la Coon Rapids, simameni mbali kidogo, muonyeshe mto Mississippi, ukuta wa bwawa na familia kando yake. Bibi aliyeko Pemba au Mombasa atajua wajukuu wake wako katika nchi gani. Sekunde kumi zatosha. Mpiga picha wetu wa mwaka 1997 aliijua shoti hii peke yake, na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Ya pili ni shoti ya kati, ambayo humwonyesha mtu kuanzia kiunoni au kifuani kwenda juu. Ndiyo shoti ya mazungumzo, kwa kuwa huonyesha uso na mikono pamoja, na sisi watu wa pwani husema nusu ya maneno yetu kwa mikono. Mfano wake mnao majumbani mwenu. Televisheni ya jamii ya mji wetu, CTN, huonyesha vikao vya Baraza la Mji. Tazameni kimoja mkiwa mmeondoa sauti, na kila picha inapobadilika jiulizeni kwa nini imebadilika. Kikionekana chumba kizima, ni kwa ajili ya kujua nani wapo. Akionekana mmoja kuanzia kifuani, ni kwa ajili ya kusikiliza hoja yake.

Ya tatu ni shoti ya karibu, yaani uso wenyewe, tangu mabegani au chini kidogo ya kidevu. Hii ndiyo shoti ya moyo. Machozi na haya havionekani kutoka ng'ambo ya njia. Shoti hii pia hutumika kwa mikono inayofuma ukili au kidole kinachofuata aya msahafuni. Itumieni kwa kipimo, lakini msiache kuitumia. Ndiyo iliyokosekana kwetu.

WALIOSEMA HATUIELEWI

Hapa tusimame kidogo, kwani shoti ya karibu ina historia ambayo yatuhusu.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika. Viongozi wake walikuwa L. A. Notcutt na Geoffrey Latham. Walitengeneza filamu fupi 35 juu ya kilimo, afya na akiba ya fedha, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za jirani. Baadaye, mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda idara yake ya filamu za makoloni. Msimamizi wake alikuwa William Sellers, aliyewahi kufanya kazi ya afya Nijeria. Yeye na wenzake walishikilia kwamba Mwafrika atengenezewe filamu za namna yake peke yake: za polepole, zisizo na mbinu, na zenye tahadhari kubwa na shoti ya karibu. Walipenda kusimulia hadithi ya wanakijiji walioonyeshwa mdudu aliyekuzwa akajaa kiwambo chote, ambao walisema kwao hakuna hatari, kwa kuwa wadudu wao si wakubwa kiasi hicho.

Sisi twadhani wanakijiji wale, kama walisema hivyo, walikuwa wakimfanyia mzaha bwana yule. Wakati hadithi hiyo ikipita maofisini London, Unguja ilikuwa na jumba la sinema la Royal tangu mwaka 1921. Watu wa miji ya pwani walitazama filamu za Kihindi, za Kimisri na za Kimarekani, na Unguja palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, ili mama zetu nao wapate kwenda kwa stara. Mama yetu alikuwa msichana ilipofika filamu ya Awara, iliyotengenezwa mwaka 1951. Alitusimulia uso wa Raj Kapoor mpaka uzeeni mwake. Hakuhitaji mtu wa kumfundisha maana ya uso uliojaa kiwambo, kwani alilia pamoja na wenzake kisha akarudi nyumbani.

Twalikumbuka hilo kila tunapoiangalia kanda yetu. Mwanamke aliyeijua shoti ya karibu kiasi kile, yeye mwenyewe alipata sekunde nne.

KIMO CHA KAMERA

Baada ya umbali, kuna kimo. Kamera ikiwekwa chini ikamtazama mtu kwa juu, mtu huonekana mkubwa, mwenye nguvu, pengine wa kutisha. Ikiwekwa juu ikamtazama kwa chini, huonekana mdogo na mnyonge. Ikiwa sawa na macho yake, huonekana mwenzetu.

Angalieni habari za televisheni kwa jicho hili. Mara nyingi wakimbizi wa kwetu Afrika huonyeshwa kwa umbali na kutoka juu, kundi kubwa lisilo na uso wala jina, kisha mtaalamu anayewazungumzia huonyeshwa ofisini mwake, kwa shoti ya kati, kamera ikiwa sawa na macho yake na jina lake limeandikwa chini. Pengine hakuna aliyekusudia ubaya, na pengine maneno yote yaliyosemwa ni ya kweli. Hata hivyo fremu imekwisha kusema nani ni mtu na nani ni tatizo. Wafundisheni watoto kuliona hilo wakiwa wadogo, nao hawatadanganyika wakiwa wakubwa.

Majumbani mwetu kanuni ni nyepesi. Ukimpiga picha mtoto, piga magoti. Ukimpiga picha bibi aliyeketi mkekani, keti nawe mkekani. Kijana wa kwetu hasimami wima juu ya mzee aliyeketi akazungumza naye, kwani ni utovu wa adabu. Kamera nayo isimame wapi? Katika jambo hili adabu na ufundi vimekubaliana.

MPANGO NDANI YA FREMU

Macho ya mtu yakae kiasi cha theluthi moja kutoka juu ya picha. Achieni nafasi ndogo juu ya kichwa. Ikizidi, mtu huonekana anazama. Akitazama kulia, achieni nafasi kulia, ili macho yake yawe na mahali pa kwenda. Msimkate mtu penye viungo, yaani shingoni, kwenye viwiko au magotini. Kateni kifuani, kiunoni au katikati ya paja.

Hapa Minnesota tuna mtihani ambao Unguja haukuwako, nao ni theluji. Kamera haijui kuwa iliyo mbele yake ni theluji. Hupima mwanga wote, huona mweupe umezidi, kisha huitia picha giza ili kusawazisha. Nyuso zetu nyeusi ndizo zinazolipa gharama ya usawazishaji huo. Mtoto kasimama uani mwezi wa Januari, kofia yaonekana, theluji yaonekana, uso haupo. Dawa yake ni kuugusa uso huo kwa kidole kwenye kioo cha simu, kisha kuongeza mwanga mpaka uso uonekane, hata theluji ikipoteza sura yake. Ndani ya nyumba, msimketishe mtu dirisha likiwa mgongoni mwake. Mgeuzeni mwanga umpige ubavuni.

Mwisho, tulieni. Shikeni simu kwa mikono miwili, viwiko vikiwa mbavuni, au iwekeni juu ya vitabu. Hesabuni mpaka kumi kabla ya kuhama. Msivute picha karibu kwa vidole kama miguu inaweza kuwasogeza, kwa maana mkisogea, sauti nayo yasogea.

KUTULIA KWAWEZA KUWA USHAHIDI

Msidhani kutulia ni jambo dogo. Tarehe 25 Mei 2020, kwenye njia panda ya mtaa wa 38 na barabara ya Chicago, mjini Minneapolis, binti wa miaka 17 aitwaye Darnella Frazier alisimama na simu yake askari alipompigia goti George Floyd shingoni. Taarifa ya kwanza ya polisi ilizungumzia mtu aliyefariki baada ya kupatwa na tatizo la kiafya. Picha ya binti yule, ya muda wa dakika kama kumi, ilisema lililotokea. Ndani ya fremu alikuwamo aliyelala chini, na askari juu yake, na askari mwingine aliyesimama mbele. Na kutoka nje ya fremu zilisikika sauti za wapita njia wakisihi. Binti yule hakuondoka, wala hakuigeuzia kamera uso wake mwenyewe. Picha ile ilionyeshwa mahakamani, na mwezi Aprili 2021 askari yule alitiwa hatiani kwa mauaji. Mwaka huohuo bodi ya tuzo ya Pulitzer ilimpa binti yule heshima maalumu. Mwenye simu mfukoni anabeba amana, na amana huulizwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, si kila kinachoonekana kinapigwa picha. Wazee walisema macho hayana pazia. Kamera yaweza kuwekewa pazia, na mwenye kuiweka ni wewe. Omba ruhusa kwanza. Upande wa wanawake katika arusi, apige mwanamke waliyeridhiana naye, na ijulikane kabla ya siku ile picha zitakwenda wapi. Aliyefiwa akilia, shusha simu. Mtu akikuambia futa, mfutie mbele yake.

KAMERA IKIWA MIKONONI MWETU

Wapo walioitangulia njia hii hapa hapa Minnesota. Mtanzania Josiah Kibira alitengeneza filamu iitwayo Bongoland, iliyotoka mwaka 2003, inayosimulia maisha ya mhamiaji Juma Pondamali anayehangaika kubaki katika nchi hii ya baridi. Baadaye akatoa Tusamehe mwaka 2005, na Bongoland ya pili mwaka 2008, ambamo Juma anarudi nyumbani. Ndani ya filamu hizo watu wa kwetu wanazungumza Kiswahili. Mzazi aweza kukubali au kukataa hili na lile ndani yake. Lakini aliyeamua nani awemo ndani ya fremu alikuwa mmoja wetu, anayejua nani ni shangazi na nani ni mgeni.

Sasa kazi ya mwezi huu. Kila familia imchague mzee mmoja, awe hapa au nyumbani. Mketisheni mahali penye mwanga wa ubavuni. Pigeni shoti ya mbali moja, sekunde kumi, ili pajulikane alipo. Kisha shoti ya kati, mumwache azungumze mpaka achoke: jina lake na la babu yake, alizaliwa mtaa gani, chuoni alisomeshwa na nani. Msimkatize. Halafu sogeeni, mkae naye uso kwa uso, muombe akuombeeni dua, na kamera isiondoke usoni mwake mpaka aseme amin. Fanyeni hivyo hata kama asema hana la kusema. Wazee wote husema hivyo. Hifadhini mahali pawili, kwani simu hupotea.

Kijana aliyetuomba somo tumemwambia aanze na bibi yake, na amekubali. Alitaka kujua shoti ya karibu iwe ya muda gani. Tulimjibu kwamba kwa vyovyote izidi sekunde nne.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazee wetu waliobaki, awarehemu waliotangulia, na atujaalie kukutana tena mwezi ujao tukiwa na afya na salama. Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wenu